Wanaitanaje? Riwaya za zamani zinavyowaanika watu wa wakati wake

Leo sijaja na siasa wala mpira, nimekuja na riwaya. Usikimbie! Kama umelipia nusu saa hapo kafe na dakika zinakwenda, soma basi mpaka pale nilipomtaja bibi yangu. Ukiona hayakuhusu, endelea na mambo yako, hatutagombana.

Mimi nimeishia kidato cha nne. Siyo mwalimu wa fasihi wala profesa, ni kijana wa kuandika habari za hapa na pale. Ila Kiswahili nilifaulu, na leo nataka nikiri jinsi nilivyofaulu. Kuna swali lilikuwa linapenda sana kuja: jadili matumizi ya lugha katika riwaya mbili ulizosoma. Na sisi tulikuwa na jibu lake, tumelikariri kama namba ya simu ya nyumbani. Mwandishi ametumia lugha rahisi inayoeleweka. Ametumia methali. Ametumia tashibiha. Ametumia tashihisi. Ametumia mbinu ya barua. Unaweka mfano mmoja mmoja, unachukua maksi zako, kwisha habari. Jibu hilo unaweza kulibandika kwenye riwaya ya mwaka 1951 na ya mwaka 1979 bila kubadilisha hata nukta, na mtu akakuwekea vema.

Hapo ndipo tulipopigwa chenga. Maana riwaya ya 1951 na ya 1979 hazisemi lugha moja hata kama zote ni Kiswahili. Watu waliomo humo hawaitani sawasawa, hawaogopi mambo yaleyale, na hata matusi yao ni tofauti. Mimi sikuyajua hayo darasani. Niliyajua barazani kwa bibi.

BIBI NA UNGO WA MCHELE

Bibi yangu yupo mkoa wa Tanga, pwani. Macho yake yana mtoto wa jicho, hawezi kusoma tena, lakini hadithi anazipenda kuliko redio. Nikienda kumsalimia hubeba kitabu nikamsomea. Safari moja nilibeba Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, nakala kuukuu niliyoazima kwa rafiki, imetoka jalada. Kwa asiyeijua, ni riwaya ya Zanzibar iliyotoka mwaka 1978, inahusu mwinyi mmoja mwenye mashamba na kasri, na watu wanaomtumikia, mpaka Mapinduzi ya Januari 1964 yanapowakuta.

Mwinyi huyo ana mtumishi anayeitwa Kijakazi, mwanamke mtiifu anayemhurumia bwana wake kuliko anavyojihurumia mwenyewe. Basi nilipofika kwenye jina lile nikacheka. Nikasema, "Bibi, hebu sikia, mtu mzima anaitwa Kijakazi! Jina gani hili jamani?"

Bibi alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Usicheke mume wangu," akaniambia. (Ndivyo anavyoniita, si mnajua mabibi na wajukuu zao wa kiume.) "Bibi yangu mimi aliitwa hivyohivyo."

Nikanyamaza. Nikauliza, kwani hakuwa na jina jingine?

"Kwao huko bara alikuwa nalo. Hapa hakuna aliyemuuliza."

Akaendelea kupepeta. Nimeishi na bibi yule miaka mingapi, na hilo sikuwahi kulisikia. Baba yangu pia hakuwahi kulisikia, nimemuuliza. Jina moja ndani ya riwaya, ambalo mimi kwenye mtihani ningeliandika tu kama "majina ya wahusika yanasadifu tabia zao", lilifungua mlango ambao familia nzima ilikuwa imeukomea kwa miaka.

Kwa mdogo wangu unayesoma hapa: mjakazi ni mtumwa wa kike, na kijakazi ni huyohuyo akiwa msichana. Utumwa Zanzibar ulifutwa kisheria mwaka 1897, na kwa Tanganyika sheria ya kuufuta moja kwa moja ilikuja mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Siyo mbali kama tunavyodhani. Ni umbali wa bibi wa bibi.

Toka siku hiyo nikawa nasoma riwaya kwa swali moja tu: humu ndani watu wanaitanaje? Nawaambieni, swali hili linafungua kuliko tashibiha zote. Twende nalo mwaka kwa mwaka.

UHURU ULE NA UHURU HUU

Tuanzie mwaka 1934. Mwaka huo kilitoka kitabu cha James Mbotela wa Kenya, Uhuru wa Watumwa. Wapo wanaokihesabu kuwa riwaya ya mwanzo kabisa ya Kiswahili, wapo wanaosema ni historia iliyosimuliwa kama hadithi. Kinaeleza watu waliokamatwa bara, wakauzwa, wakakombolewa na Waingereza na kuishia Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 karibu na Mombasa. Mbotela mwenyewe alikuwa mzao wa watu hao.

Sasa tazama neno uhuru kwenye jina la kitabu. Wewe na mimi tukisikia uhuru tunaona bendera, mwenge na tarehe 9 Desemba. Kwa Mbotela uhuru ni kutolewa mnyororo shingoni. Na aliyekutoa ni nani? Mwingereza. Kwa hiyo kitabu kizima kinaongea kwa sauti ya shukrani, na ndani yake unasikia shule ya misheni na kanisa.

Haijapita miaka 30, mwaka 1961 Tanganyika na mwaka 1963 Kenya, watu wakapiga kelele uhuru, uhuru, maana yake Mwingereza aondoke! Herufi tano zilezile. Aliyekuwa mkombozi ndani ya neno amegeuka kuwa mtawala anayefukuzwa kwa neno hilohilo.

Wako wasomi waliomlaumu Mbotela kwa kumsifu sana mkoloni. Lawama ina ukweli wake. Lakini mimi nikimfikiria bibi wa bibi yangu najiuliza: aliyefunguliwa mnyororo jana, amshukuru nani leo? Kitabu kile hakitwambii tu kilichotokea. Kinatwambia mtu wa mwaka 1934, aliyelelewa misheni, aliruhusiwa kulisemaje.

MAJINA YA SHAABAN ROBERT

Mwaka 1951 inatoka Kusadikika ya Shaaban Robert. Hapa watu wanaitwa Karama, Majivuno, Buruhani, Ridhaa, Amini. Yaani sifa za moyo ndizo zimegeuzwa watu. Karama ameshtakiwa kwa sababu anafundisha watu elimu ya sheria, na anayemshtaki ni Majivuno, waziri mkubwa. Nchi yenyewe inaelea angani, haipo kwenye ramani yoyote.

Shuleni tunaambiwa "ametumia majina ya kisitiari" tunapita. Jiulize basi kwa nini. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, aliwahi kufanya kazi hata forodhani. Mshahara wake unatoka kwa mtawala. Mtu wa namna hiyo akitaka kusema kwamba watawala hawasikii ushauri na wanaumiza wanaowaletea maarifa mapya, anaiweka nchi angani na waziri anamwita Majivuno. Asome mwenye akili. Wasomaji wengi wanaiona Tanganyika ya mkoloni humo, na mimi naiona.

Lakini siyo woga tu. Maneno yale, karama, ridhaa, buruhani, fadhili, yana asili ya Kiarabu, na kwa mtoto wa Tanga wa wakati ule yalikuwa maneno ya chuoni, msikitini na barazani kwa wazee. Hata sentensi zake zinatembea kama mzee aliyevaa kanzu: ndefu, zimepangika, upande mmoja unajibu upande wa pili. Zama zile mtu aliyeandika kitabu alitegemewa afundishe adili. Ungemletea lugha ya vijana wa kijiweni angekuona huna adabu. Kwa hiyo ukisoma Shaaban Robert ukasema "mbona anahubiri?", jua kwamba kwa watu wake kuhubiri ndiko kulikuwa uandishi wenyewe.

SAFARI YA BWANA

Haya, mwaka 1960. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa 1918, anatoa Mzimu wa Watu wa Kale, baada ya mswada wake kushinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958. Ndiyo kwanza tunampata mpelelezi wetu, Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, na msaidizi wake Najum. Ukiona kama umewahi kukutana nao mahali, hujakosea, wamefuata nyayo za Sherlock Holmes na Watson wa Uingereza.

Lakini hebu tazama walivyovalishwa. Huyu siyo "mpelelezi Msa". Ni Bwana Msa. Mji wa Unguja wa wakati ule ulikuwa mji wa Bwana, Bibi na Sheikh, mtu hatajwi jina tupu kama mbuzi. Mazungumzo hayaanzi na jambo lenyewe, yanaanza na hodi na salamu, yanazunguka, yanataniana, ndipo yafike. Ukisoma kwa haraka utasema anachelewesha hadithi. Sivyo. Ndivyo watu wastaarabu walivyoongea, na mpelelezi anapata siri humohumo kwenye mizunguko. Pembeni yuko Inspekta Seif, jina la cheo lililokuja na polisi wa kikoloni, limekaa karibu na Bwana bila ugomvi. Na katikati kuna mzimu. Watu wanauogopa mzimu, Bwana Msa anatafuta mkono wa binadamu. Hizo ni zama mbili zinazogongana katika kijiji kimoja.

Sasa neno bwana lenyewe lina safari yake, na ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Kwa bibi wa bibi yangu, bwana alikuwa mtu anayekumiliki. Kwa Bwana Msa ni heshima ya kawaida kwa mwanaume wa mjini. Serikali nayo ikatugawia bwana shamba, bwana afya, bwana miti, watu wa kuja kukagua. Na mwandishi huyu mwenyewe aliwahi kuwa bwana afya kabla hajawa mhariri wa magazeti! Halafu bwana akawa mume, au hata mpenzi: "yule ana bwana wake". Na leo? Leo bwana hana tena hata kiti. Tunasema "acha hizo bwana", "basi bwana tukaondoka", na tukichoka tunalikata linakuwa "bana". Mtu aliyeweza kuuza watu sokoni amegeuka kikolezo cha porojo. Hakuna kamusi itakayokuonyesha mteremko huo vizuri kama riwaya nne zilizopangwa kwa miaka yake.

ZAMA ZA NDUGU

Februari 1967 linakuja Azimio la Arusha, na bwana anapata mtihani. Watu sawa hawawezi kuitana mabwana. Neno la zama linakuwa Ndugu. Ndugu Rais, ndugu mwenyekiti, ndugu mwananchi. Pamoja nalo linashuka jeshi zima la maneno: bepari, kabaila, mnyonyaji, mirija, kupe, makabwela. Waulize wazazi wako, watakuimbia.

Riwaya zikayabeba. Lakini angalia hapa pana jambo: mwandishi mzuri hayabebi kama gunia tu. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe aliyefariki Januari 2020, aliandika Gamba la Nyoka mwaka 1979. Inahusu wanavijiji wanaohamishiwa vijiji vya ujamaa, jambo ambalo serikali ililifanya kwa nguvu kubwa miaka ya 1973 mpaka 1976. Vijana wawili wasomi humo amewaita Mambosasa na Mamboleo. Linganisha na Karama na Majivuno wa Shaaban Robert. Kule majina yanapima moyo wa mtu, mwema au mbaya. Huku majina yanaangalia saa: mambo ya sasa, mambo ya leo. Zama zenyewe zilikuwa na haraka, kila kitu kipya, kila mtu akimbie wakati wengine wanatembea. Nami nikiyasoma majina yale nasikia pia kijembe kidogo ndani yake.

Miaka minane kabla, mwaka 1971, Kezilahabi huyohuyo alikuwa ameshatikisa nchi kwa Rosa Mistika. Majina tena: Rosa, Regina, Zakaria, Deogratias. Hapo upo Ziwa Viktoria, upo kwenye nyumba ya Wakatoliki, mbali kabisa na baraza za Unguja. Rosa Mistika lenyewe ni jina la sifa la Bikira Maria. Na msichana anayelibeba anapigwa na baba yake mlevi kwa sababu ya barua ya mvulana, anakwenda shule ya bweni, anaharibiwa na wanaume wakiwemo wenye vyeo, anatoa mimba, anakufa kwa mkono wake.

Kiswahili chetu kina pazia kwa mambo hayo. Tunaitwa watu wa tafsida. Tunasema mjamzito, tunasema wamejuana, tunasema amejimaliza. Kezilahabi alilivuta pazia. Sentensi fupi, kavu, hazina kanzu. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni, na baadaye sana ndipo kikaruhusiwa na kufundishwa. Wapo waliosema lugha yake chafu. Mimi nadhani kilichowauma ni kwamba wasichana wa shule walikuwa wanayapitia yaleyale na sasa yameandikwa kwa maneno yasiyo na pa kujificha. Kwa hiyo hilo ndilo swali la pili la kuiuliza riwaya yoyote, baada ya "wanaitanaje": kitu gani kilikuwa hakisemwi, na nani amekisema?

WILLY GAMBA HAKUSHIKA JEMBE

Usidhani lakini miaka ya 1970 kila kijana alikuwa anasoma ujamaa kabla ya kulala. Mwaka 1974 Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona, na mtaani akawa mfalme. Shujaa wake Willy Gamba ni jasusi. Anavaa vizuri, anaendesha gari kwa kasi, anaingia hotelini, anapendwa na warembo, anapiga risasi. Ukiangalia hotuba za wakati ule ni jembe na jasho. Ukiangalia vitabu vilivyosomwa mpaka vikachanika, ni bastola na suti.

Hapo ndipo utajua zama zina lugha mbili, ya jukwaani na ya chini ya mto wa kulalia. Ila hata Willy Gamba hakuweza kuziruka zama zake. Maadui zake ni makaburu na vibaraka wao, na kazi yake inahusu ukombozi wa kusini mwa Afrika, maana Dar es Salaam ndiyo ilikuwa makao ya wapigania uhuru. Tena neno ni lilelile, uhuru. Mbotela aliliona linakuja na meli ya Mwingereza. Kwa Musiba linapiganiwa kwa siri na Waafrika wenyewe.

Vitabu hivi hatukuulizwa kwenye mtihani. Viliitwa pendwa, kama vile kupendwa ni kosa.

JIHADHARI NA SAA MBILI

Kabla hujaanza kuwachambua wazee, nikupe tahadhari niliyojifunza kwa kukosea. Riwaya ina saa mbili ukutani. Moja inaonyesha wakati wa hadithi, nyingine wakati wa kuandikwa. Adam Shafi alitoa Vuta n'kuvute mwaka 1999, lakini inasimulia Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, na Denge anayepambana na wakoloni. Filamu yake ikatoka mwaka 2021, ikaongeza saa ya tatu.

Ndiyo maana nilivyorudi kwenye Kasri ya Mwinyi Fuad nikaisoma upya. Hadithi iko kabla na baada ya 1964, lakini imetoka 1978, wakati neno mnyonyaji limeshaota mizizi. Kumwita mtumishi Kijakazi ni uamuzi wa mwandishi wa zama za ndugu anayetazama nyuma na kusema: tazameni tulipotoka. Sasa iweke kando ya Mbotela. Vitabu viwili, vyote vinahusu watu waliotumikishwa na jinsi walivyotoka. Cha 1934 kinatoa shukrani. Cha 1978 kinatoa hukumu. Msimuliaji wa kwanza alimtazama aliyefungua mnyororo, wa pili akamtazama aliyeufunga. Ukivisoma pamoja unapata historia ambayo kimoja peke yake hakiwezi kukupa.

Mwandishi siyo kinasa sauti basi. Anachagua. Ila hata anapochagua, anachagua kutoka kwenye kapu la maneno ambalo zama zake zimemwekea, na hawezi kuchota lisilokuwamo.

NA SISI JE?

Kapu letu lina nini? Miaka ya 1990, baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, ndugu alianza kupungua majukwaani, mheshimiwa akarudi na tai yake. Mtaani tukaitana mshikaji. Sasa hivi muuza chipsi ananiita mkuu, kondakta ananiita bosi, fundi viatu ananiita kiongozi, na wote wanajua sina hata mia. Kila mtu amekuwa mkubwa kwa jina tu. Nani alishakaa akaliandika hilo?

Halafu kuna hili. Zama za ujamaa mdudu wa zama alikuwa kupe, yule anayenyonya damu ya wengine, na kuitwa kupe ilikuwa tusi la kukuvunjia heshima kijiji kizima. Mdudu wa zama zetu ni chawa, yule anayejibandika kwa mkubwa na kumsifia ili apate chochote. Na wapo wanaojiita chawa wenyewe kwa fahari! Wote wawili wanaishi mwilini mwa mtu. Mmoja tulimtukana, mwingine tunampigia makofi. Mwanariwaya mwenye akili akikaa na wadudu hao wawili anaandika kitabu cha nchi nzima.

Na maneno yanakufa haraka kuliko mnavyodhani. Kubipu! Kuna watoto leo hawajui kubipu ni nini, wala kukwangua vocha, na juzi tu mapenzi yote ya nchi hii yalikuwa yanaendeshwa kwa kubipu. Mtu alikuwa anajua kabisa bipu moja maana yake nini na bipu mbili maana yake nini. Kama hakuna riwaya iliyoliweka, umaskini ule mtamu wa kupendana bila salio utapotea, watabaki na takwimu za makampuni ya simu.

Siyo kwamba nawaambia wote muwe waandishi. Nasema ukikaa kuandika, hata kisa cha kurasa mbili, usivae kanzu ya Shaaban Robert kwa kuogopa mwalimu. Yeye alivaa ya kwake. Andika watu wanavyoitana hapo ulipo.

Mwezi uliopita nilirudi kwa bibi. Nikamwomba ruhusa nimtaje kwenye makala hii. Akauliza, "Watu watajua ni sisi?" Nikamwambia sitaji mtaa wala ukoo. Akafikiri, akasema sawa. Halafu nilipokuwa naaga, ameshika mkono wangu, akaniambia kuna kitu amekumbuka. Bibi yake alikuwa na wimbo wa kubembeleza watoto, maneno siyo ya Kiswahili, na hakuna aliyejua ni lugha ya wapi. Akauimba kidogo, sehemu iliyobaki. Nimeurekodi kwenye simu. Kama kuna mdau wa huko Malawi, Ruvuma, au Kongo anayeweza kusikiliza akatwambia ni lugha gani, aseme hapo chini kwenye maoni, nitamtumia.

Na wewe mwingine, tuambie: riwaya gani ulisoma, na humo ndani walikuwa wanaitanaje?